Alizeti Haigandi

Euphrasia Magesa alifika Segese siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, akiwa na kapu la sokoni mkononi. Ndani ya kapu mlikuwa na chupa tano za maji, mbili zikiwa na mafuta na tatu tupu, kalamu ya wino mzito, selotepu, na pakiti moja ya chipsi iliyokuwa imelala kwenye friji tangu Jumamosi.

Chipsi hizo hata kuku wa njaa asingezigusa. Zilikuwa zimeshikana kama tofali bichi, na juu yake umetanda utando mweupe, mzito, wa kukwangua kwa ukucha kama nta ya mshumaa. Aliyezileta ni Mwigulu, mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, nje kidogo ya mji, mtu wa miaka hamsini na ushei ambaye kila Jumamosi hununua pakiti arobaini za chakula cha mchana kwa ajili ya vijana wake wa shimoni. Pakiti moja ilibaki, akaitia kwenye friji, na Jumapili asubuhi alipoifungua akakuta maajabu. Alikwenda nayo moja kwa moja mgahawani, akaibwaga juu ya kaunta mbele ya wateja.

"Alizeti haigandi," alisema. "Sasa nani ataniambia hii ni nini?"

Mwenye mgahawa, Abdulwahab, akampigia simu Euphrasia, na pakiti akamtumia kwa basi.

Euphrasia hakuwa polisi. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa katika chumba cha upekuzi kwenye lango la mgodi mkubwa, akifungua mabegi, viatu na vyombo vya chakula vya watu wanaotoka zamu. Aliwahi kukuta dhahabu ndani ya kande, ndani ya ndizi iliyomenywa ikafungwa upya kwa ganda lake, na mara moja ndani ya samaki aliyekaangwa vizuri kiasi kwamba alisikitika kumpasua. Alipoacha kazi hiyo alifungua ofisi ndogo ya uchunguzi pale Kahama, na watu wakamjua kuwa ni mama asiyechoka kufungua vitu.

Mgahawa wa Abdulwahab haukuhitaji kuulizia. Ulikuwa umepakwa rangi ya njano kuanzia msingi mpaka paa, na ukutani limechorwa ua la alizeti kubwa kuliko gurudumu la trekta. Chini ya ua, kwa herufi za kusomeka hata na mtu aliye ndani ya basi linalokwenda mbio, paliandikwa: TUNAKAANGA KWA ALIZETI TUPU.

Abdulwahab mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya darizi. Babu yake alitoka Pangani na mizigo ya nguo akaoa Kahama, na mjukuu bado aliongea kwa lafudhi ya pwani anapokasirika. Leo alikuwa amekasirika.

"Mama, karibu. Kabla hujatoa hizo chupa zako, ngoja nikwambie mwizi ni nani, upumzike. Ni Doto. Mpishi. Kila Jumamosi jioni anatoka mlango wa nyuma na dumu. Watu wawili wamemwona. Anatoa alizeti yangu, anauza, anajaza mawese. Nataka unipatie ushahidi tu, Jumamosi nimtoe."

"Tuanze na karatasi," alisema Euphrasia.

Alimpa ukurasa mmoja wenye mistari sita. Mstari wa nne ulisema kwamba majibu ya uchunguzi, yawe yoyote, atapewa mwenye mgahawa na atapewa mlalamikaji kwa pamoja, siku moja na saa moja.

"Mwigulu naye?"

"Yeye ndiye aliyekula."

Abdulwahab alitia saini haraka, kama mtu anayejua kesi ni ya mwingine.

Jikoni, Doto alikuwa anamenya viazi. Alikuwa kijana mrefu wa karibu miaka thelathini, mikono ina makovu madogo madogo ya mafuta, na alipomwona Euphrasia aliinuka na kisu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Keti, endelea na kazi. Nitakusumbua kidogo."

Alianza na karai. Alichota mafuta yaliyokwisha poa, akayatia kwenye chupa, akaandika 1. Akaenda kwenye dumu lililokuwa wazi karibu na jiko, akatia kwenye chupa nyingine, akaandika 2. Halafu akaomba ufunguo wa stoo. Mle ndani yalikuwapo madumu tisa ya lita ishirini ishirini, kila moja lina karatasi ya njano iliyoandikwa *Alizeti Tupu, Mashine ya Ngassa, Ushetu*, na vifuniko vyote vilikuwa na pete ya plastiki ambayo haijakatwa. Alimwita Abdulwahab na Doto wasimame mmoja kulia, mmoja kushoto. Akachagua dumu la chini kabisa, la nyuma kabisa, akakata pete mbele ya macho yao, akajaza chupa ya tatu.

"Na hizo mbili ulizokuja nazo?" Doto aliuliza. Hofu haikumzuia kutaka kujua.

"Hii ya nne ni alizeti niliyosimama nikaiona ikikamuliwa kwa macho yangu. Ya tano ni mawese ya dukani, yaliyosafishwa yakatoka wekundu. Hizi ni mashahidi. Nisipojua kila moja ikipoa inakuwaje, nitajuaje iliyopoa ni ipi?"

Doto aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa njia mpya ya kukata kitunguu.

Chupa zote tano ziliingia kwenye friji ya soda. Euphrasia alizungusha kitufe mpaka baridi ya mwisho, akafunga mlango, akabandika selotepu juu mpaka chini na kuisaini katikati. Kuanzia hapo kila mteja aliyeagiza soda alipewa ya moto, na malalamiko yalikuwa mengi kuliko ya mafuta. Mtaani walikuwa wamekwisha anza kusema kwamba Abdulwahab anakaangia mafuta ya transfoma. Sasa mtu mmoja wa bodaboda, akiwa na soda ya moto mkononi, aliwaeleza wenzake kuwa transfoma yenyewe imefichwa kwenye friji.

Euphrasia alirudi jikoni, akavuta ndoo, akaketi mbele ya Doto.

"Unakaangia hapa tangu lini?"

"Miaka mitatu, mama."

"Mafuta ya karai mnabadilisha lini?"

"Jumamosi jioni. Bosi ndiye aliyesema, na mimi nafuata. Yakishatumika wiki yanatoka."

"Yanakwenda wapi?"

Kisu kilisimama. Ganda la kiazi lilining'inia.

"Yanamwagwa."

"Yanamwagwa wapi? Nimezunguka nyuma ya jengo. Hakuna udongo wenye mafuta, hakuna hata nzi. Doto, mimi nimefungua chakula cha watu miaka kumi na mmoja. Dumu unalotoka nalo Jumamosi linakwenda wapi?"

Doto alitazama mlango, akashusha sauti.

"Kwa Vumilia."

"Vumilia ni nani?"

"Anatengeneza sabuni. Pale nyuma ya mashine ya mpunga."

"Unamuuzia?"

"Hapana, mama!" Alionekana kuudhika kwa mara ya kwanza. "Nampa."

"Kwa nini unampa?"

Doto akarudi kwenye kiazi chake, akakimenya mpaka kikabaki kidogo kama kete ya bao. Euphrasia aliyetumia muda mwingi wa maisha yake kuangalia watu wanaoficha vitu aliona kwamba hiki kilikuwa kitu cha aina nyingine, akainuka bila kuuliza zaidi.

Nyumba ya Vumilia ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na uwani palikuwa na meza ndefu ya mbao iliyopangwa miche ya sabuni kama mikate. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyefunga kanga kifuani na kuvaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Aliposikia Euphrasia ametokea kwenye mgahawa aliweka mwiko chini.

"Doto ana matatizo?"

"Inategemea sabuni yako. Mafuta anayokuletea ni yapi?"

"Yaliyotumika. Meusi, yana harufu ya vitunguu, wakati mwingine nakuta na chipsi. Nayachuja kwa kitambaa, naweka kostiki soda, nakoroga. Mama, kama ni wizi semeni nirudishe, lakini ni mafuta ya kutupa yale."

"Hajaleta mazuri hata mara moja? Mapya, ya njano?"

"Angeleta mazuri ningekaangia maandazi."

Euphrasia alicheka. Akauliza kama miche ile inakaa muda gani kabla ya kuuzwa.

"Wiki nne, tano. Ikiwa mibichi inakula mikono. Ndiyo maana kila mche naandika tarehe kwa msumari. Tazama."

Alichukua mche mmoja, akamwonyesha: 12/7. Euphrasia alipoushika, kidole gumba kikazama kidogo. Sabuni ilikuwa laini kama kiazi kilichochemshwa kikapitiliza, na huu ulikuwa mwezi wa nane, tarehe ishirini na moja.

"Mbona hii imelegea?"

"Ah, hiyo! Hiyo ndiyo iliyokuwa inanitoa machozi. Mwaka mzima sabuni yangu ililegea. Ukiiweka bafuni asubuhi, jioni ni uji. Niliongeza kostiki, nilipunguza maji, wapi. Halafu ghafla, mwezi uliopita, ikakubali yenyewe."

Akampa mche mwingine. 19/7. Euphrasia aliugonga kwenye ukingo wa meza, ukalia kama ubao.

"Ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu. Dada, naapa. Kostiki ile ile, maji yale yale, kopo lile lile. Nilimwambia Doto, 'Tangu wiki ile mambo yako yamekuwa mazuri sana.' Akafurahi mpaka akasahau dumu lake hapa."

Euphrasia aliugeuza mche mkononi. Kisha aliuliza swali moja tu, kwa utulivu, kama anauliza bei.

"Sabuni ya alizeti na sabuni ya mawese, ipi ngumu?"

"Ya mawese," Vumilia alijibu mara moja. "Hata sabuni za dukani ni mawese zile. Alizeti haitoi mche mgumu hata…" Alitazama miche yake iliyopangwa, ya upande huu na ya upande ule, na uso ukamshuka. "Kumbe."

"Naomba mmoja wa tarehe kumi na mbili na mmoja wa tarehe kumi na tisa. Nitalipa."

"Chukua tu. Lakini mwambie bosi wake kwamba Doto hajui mambo ya mafuta. Yule angejua, angeniambia. Hawezi kunyamaza na kitu."

Saa saba mchana Mwigulu aliingia mgahawani, kama Euphrasia alivyomwomba kwa simu. Alikuwa na viatu vya shimoni na shati safi. Wote wanne walisimama mbele ya friji, na nyuma yao wateja saba waliokataa kuketi. Euphrasia aliwaonyesha saini yake kwenye selotepu, akaikata, akafungua.

Ya nne, alizeti ya mashahidi, ilikuwa na ukungu kidogo chini lakini ilitiririka alipoiinamisha. Ya tano, mawese, ilikuwa nyeupe na haikusogea. Kisha akatoa ya kwanza, ya pili na ya tatu, akazipanga juu ya kaunta. Akaziinamisha moja moja. Hakuna hata moja iliyosogea.

"Hii ya tatu," alisema Euphrasia, "imetoka kwenye dumu lililofungwa. Pete yake nimeikata mbele ya Abdulwahab na Doto."

"Basi mpishi hana kosa," alisema Mwigulu.

Doto alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Mwigulu alimgeukia Abdulwahab, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Bosi, mimi mwaka juzi moyo ulinilaza wiki mbili Mwanza. Daktari akaniambia, mzee, mafuta yanayoganda yaache kabisa. Nimezunguka Segese nzima natafuta pa kula. Nikaona ukuta wako. Nikasema, huyu hapa."

Abdulwahab alivua kofia, akajifuta jasho ambalo halikuwepo, akaivaa tena. Na Euphrasia aliona jambo dogo ambalo hakuliandika mbele yao. Dumu limefungwa kiwandani, mawese yamo ndani ya dumu, basi mtu yeyote aliyeibiwa angenyakua simu hapo hapo amtukane Ngassa wa Ushetu. Simu ya Abdulwahab ilikuwa mezani, umbali wa mkono. Ikabaki pale pale.

Siku iliyofuata Euphrasia aliendesha kigari chake kupitia Kahama mpaka Ushetu, akipita mabani ya kukaushia tumbaku na mashamba yaliyokwisha vunwa. Hakuwa amempigia mtu. Alisimamisha gari mbali kidogo na mashine ya Ngassa, akazima injini, akasikiliza.

Kimya. Mwezi wa nane, msimu wa alizeti, saa nne asubuhi, na mashine ya kukamulia haiungurumi.

Alishuka akazunguka nyuma. Mashine ya alizeti ina vitu viwili inavyotoa, mafuta na mashudu, yaani makapi ya kulishia ng'ombe, na mafuta huweza kufichwa lakini mashudu hayafichiki, kwa sababu ni mlima. Banda la mashudu la Ngassa lilikuwa limefagiliwa. Kuku wawili walikuwa wanataga humo. Na mbele ya banda alisimama mzee mmoja na fimbo ya kuchungia, analalamika peke yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha," Euphrasia alimwamkia.

"Mwangaluka, mayu. Na wewe umefuata mashudu? Rudi nyumbani. Mimi Ngusa nina ng'ombe thelathini na wanne wanaonitazama kama nimewadhulumu. Zaidi ya mwezi mmoja sasa sijapata hata gunia moja."

"Tangu lini hasa?"

"Tangu mashine ilie kama mbwa aliyekanyagwa, ikanyamaza. Siku ya mnada. Alhamisi ya mwezi wa saba, ya pili. Nilikuwa hapa hapa."

Euphrasia alihesabu kwa vidole. Tarehe kumi. Sabuni ya tarehe kumi na mbili ilikuwa laini, ya tarehe kumi na tisa ngumu. Ilikaa sawasawa kama kifuniko na sufuria yake.

Ngassa alikuwa ndani, mtu mnene mpole mwenye suruali ya kazi, ameketi karibu na mashine aliyoifunua tumbo lote. Alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai. Euphrasia aliweka miche miwili ya sabuni juu ya mashine, akasema imetengenezwa kwa mafuta ya karai la Abdulwahab. Ngassa aliisoma tarehe ya kwanza, akaisoma ya pili.

"Shafti," alisema hatimaye. "Ilikatika vipande viwili. Ya kubadilisha imeagizwa, wananiambia mwezi wa tisa."

"Na madumu yaliyofika Segese kila Jumanne?"

"Nilinunua mawese Kahama, nikajaza."

"Karatasi ya alizeti ilibandikwa na nani?"

Ngassa alitazama mikono yake. "Mimi. Hiyo ni yangu, mayu, siwezi kumpa mtu."

"Ulimwambia Abdulwahab?"

Alisita, akatoa simu mfukoni, akaitafuta kwa muda mrefu kwa kidole kimoja kinene, kisha akampa asome mwenyewe. Ujumbe wa tarehe kumi, mwezi wa saba, ulisema: *Bosi mashine imekatika shafti alizeti hakuna mpaka mwezi wa 9 nifanyeje.* Jibu lilikuja baada ya dakika tatu: *Fanya unavyojua wewe. Mimi nataka madumu yafike Jumanne.*

"Na wewe ukafanya ulivyojua."

"Ninavyojua mimi dumu hujazwa kwa mafuta," alisema Ngassa kwa unyonge. "Nilitaka kumpigia tena nimuulize. Nikaona kama nikiuliza atakataa, na akikataa nitakosa mteja. Naye hakuuliza. Tukakaa hivyo, kila mtu upande wake."

Euphrasia aliomba apige picha ujumbe ule, na Ngassa akamshikia simu isitikisike. Alipokuwa anaondoka alimwona amechukua kisu kidogo, anabandua karatasi za njano kwenye madumu yaliyosubiri gari la Jumanne, moja baada ya jingine, huku mzee Ngusa amesimama mlangoni anamuuliza kama mawese hayatoi mashudu.

Jumamosi saa tano na nusu, Abdulwahab alimpokea Euphrasia kwenye chumba cha nyuma na kufunga mlango. Nje foleni ya mchana ilikuwa imeanza, na Mwigulu alikuwa ameketi meza ya kwanza bila kuagiza chochote.

"Ni Ngassa," Abdulwahab alisema kabla hajaketi. "Nimefikiria sana. Ni Ngassa tu."

"Ngassa amekiri sehemu yake."

"Basi tumemaliza."

"Bado moja." Euphrasia aliweka simu yake juu ya meza, ile picha ikiwa wazi.

Abdulwahab aliisoma. Aliisoma tena, kama mtu anayetumaini kwamba maneno yatabadilika akiyakodolea.

"Sikumwambia aweke mawese," alisema.

"Hukumwambia."

"Hakuna mahali nimeandika mawese. Tazama. Nionyeshe."

"Hakuna. Uliambiwa alizeti hakuna mpaka mwezi wa tisa, ukataka madumu Jumanne. Ulidhani yatajaa nini?"

"Mimi ndiye niliyekuajiri, mama!" Lafudhi ya Pangani ilirudi yote. "Unakula kwangu halafu unanigeukia mimi?"

"Uliniajiri nitafute. Ungetaka nisitafute ungeniambia, nikabaki Kahama." Hakupandisha sauti. "Abdulwahab, wiki nzima umemnyooshea kidole Doto. Leo ulitaka kumtoa. Yule mpishi hajagusa tone la mafuta yako isipokuwa yale uliyomwambia mwenyewe ayamwage."

Abdulwahab aliketi. Kwa muda ilisikika sauti ya chipsi zikiingia kwenye karai upande wa pili wa ukuta. Aliposema tena alisema taratibu.

"Ile foleni unaiona. Wanakuja kwa sababu ya ua lile. Nilipopata ujumbe nilisema, ni wiki mbili tatu tu, nani atajua? Halafu kila Jumanne likaja gari, na mimi nikawa siendi stoo. Miaka yote nilikuwa nafungua dumu naonja. Tangu siku ile sijaonja hata mara moja." Akajifuta uso, safari hii jasho lilikuwepo. "Nikitoka nikasema, watakimbia."

"Inawezekana wengine wakakimbia."

"Nisiposema?"

"Mwigulu yuko meza ya kwanza. Karatasi uliyosaini inasema siku moja na saa moja. Nitamwambia mimi, na mimi sina sauti nzuri."

Abdulwahab alicheka kidogo, bila kutaka. Akainuka, akarekebisha kofia, akafungua mlango.

Alianza vibaya. Alipanda juu ya kreti ya soda, kreti ikateleza, akashikwa na yule mtu wa bodaboda. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Pengine hilo lilimsaidia, maana alipopanda tena alisema yote kwa mkupuo mmoja, kwamba mashine ya Ushetu imeharibika tangu mwezi wa saba, kwamba aliambiwa siku hiyo hiyo, kwamba tangu wakati huo wamekula chipsi za mawese chini ya ua la alizeti, na kwamba mafuta ya transfoma hajawahi kuyaona maishani mwake.

"Kwa hiyo ulijua?" sauti moja iliuliza.

"Nilijua kiasi cha kutotaka kujua zaidi."

Watu watatu waliacha foleni wakatoka. Mmoja aligeukia mlangoni akasema maneno yaliyomfanya mama mmoja amzibe mtoto wake masikio. Wengine walibaki wamesimama, wanatazamana. Abdulwahab alichukua turubai kutoka stoo, yeye na mtu wa bodaboda wakalifunga juu ya maandishi ya ukutani, na kwenye kipande cha boksi akaandika kwa kalamu ya Euphrasia: LEO TUNAKAANGA KWA MAWESE. Akakisimamisha dirishani.

"Na bei ni ile ile ya alizeti?" aliuliza mwanamke mmoja wa mbele.

"Inashuka. Kuanzia sahani yako."

Foleni ikasogea.

Abdulwahab akaenda kwenye meza ya kwanza. Mwigulu alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Kaka, wewe sikuombi ule kitu hapa. Pole sana. Nilikusikia juzi na sijalala vizuri."

"Mimi nimelala vizuri," alisema Mwigulu, "lakini nina vijana arobaini wanasubiri chakula, na mimi mwenyewe nina njaa."

"Naweza kumchemshia viazi," sauti ya Doto ilitoka jikoni. "Vya kuchemsha, na kachumbari, na nyama ya kuchoma isiyo na mafuta. Dakika ishirini."

Mwigulu alifikiri, akakunjua mikono. "Ongeza ndimu."

Hapo ndipo Abdulwahab alipogeuka kuelekea jikoni. Mgahawa ulitulia, kwa sababu wengi walijua kwamba mpishi alikuwa amesemwa mtaani wiki nzima. Alisimama kwenye dirisha la kutolea chakula, akavua kofia yake ya darizi, akaishika kwa mikono miwili.

"Doto. Nilikuita mwizi, na wewe hukuiba. Niliwaambia watu, na haikuwa kweli. Nakuomba msamaha hapa mbele ya kila mtu."

Doto alisimama na sufuria mkononi. Alikuwa mtu ambaye, kama alivyosema Vumilia, hawezi kunyamaza na kitu, lakini sasa alinyamaza. Macho yake yalipita juu ya bega la bosi mpaka mlangoni, ambako mwanamke mfupi mwenye glavu za mpira ndiyo kwanza alikuwa anaingia, anahema, amekimbia njia nzima.

"Nimesikia, bosi, na nimekusamehe," Doto alisema. "Lakini naomba urudie. Vumilia alikuwa hajafika."

Abdulwahab alitazama nyuma, akaelewa, akajaza kifua hewa, na akarudia yote tangu neno la kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.